Mgeni wa Kundelungu

Sisi wa Lukafu tunalijua genge la Kundelungu, lililosimama kama ukuta. Mwezi wa Desemba wanafunzi na mimi tulilipanda, tupate kumwona korongo mweupe, mgeni asiyeonekana mara nyingi. Tuliondoka alfajiri. Tulipofika juu, penye majani mafupi, jua lilikuwa limekwisha kuwa kali.

Tukangoja. Mara wakatokea ndege watatu wakubwa, weupe, wenye mabawa meusi upande wa nyuma, mdomo mwekundu, na miguu mirefu myekundu. Hawakupiga mabawa, walizunguka tu, huku wakizidi kupanda. Kwa nini? Jua hupasha nchi moto, na hewa yenye joto hupanda juu. Korongo hutandaza mabawa, hewa ikamchukua, naye hachoki.

Juu ya bahari hewa hiyo ni haba. Kwa hiyo makorongo wa Ulaya ya mashariki hawakati Bahari ya Kati, bali huizunguka kwa njia ya Uturuki na Misri, wakikimbia baridi. Wengine hufika hata Afrika Kusini, mwendo wa kilomita 10,000 hivi.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hawa huenda wapi. Mwaka 1822, katika Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mkuki wa Afrika shingoni. Alikuwa amerudi nao, mzima! Hapo watu wakaelewa. Ndege huyo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Basi, korongo mmoja akashuka karibu nasi. Mtoto mmoja akatoa manati. Nikamwambia polepole, “Tazama kwanza anachokula.”

Akatazama. Korongo aliokota panzi, tena panzi, kisha kiwavi. Mtoto akanyamaza kitambo. Mwaka uliopita viwavi walimaliza mahindi ya mama yake, na nyumbani kwao walilala njaa. Akatia manati mfukoni, akasema, “Fureri, huyu anatulimia.”

Wazee walisema kweli: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

MASWALI
1. Korongo hupandaje juu bila kupiga mabawa?
2. Kwa nini haikati Bahari ya Kati?
3. Mkuki wa mwaka 1822 uliwafundisha watu nini?
4. Kwa nini mtoto alirudisha manati mfukoni?