NIKAHI YA UGENINI NA MWENYE URAIA WA NCHI MBILI

Himdi zote zamstahiki Mwenyezi Mungu aliyeifanya nikahi kuwa ahadi nzito baina ya mume na mke. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada. Katika darasa letu twaulizwa suala hili: Kijana wa kwetu aliye raia wa Kenya na wa Uingereza pia, akifunga nikahi London kwa walii, mashahidi na mahari, je, yamtosha? Au hana budi kuiandikisha kwa serikali ya huko?

Jawabu yetu ina sehemu mbili, wala msomaji asishike moja akaiacha ya pili.

Ya kwanza ni hukumu ya nikahi yenyewe. Nguzo zake katika madhehebu yetu ya Shafi ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Zikitimia, nikahi imesihi mbele ya Mwenyezi Mungu, iwe imefungwa Mombasa au London, msikitini au sebuleni. Karatasi ya serikali si nguzo.

Ya pili ni haki za mke, na hapa ndipo watu waghafilikapo. Nikahi iliyofungwa Uingereza pasi na kufuata taratibu za sheria ya huko, kwa sheria hiyo si ndoa. Mwaka 1998 mwanamke Mwislamu aliozwa mkahawani London, imamu na wageni wakihudhuria. Iliagwa kuwa baadaye watakwenda kuandikisha. Mke akakumbusha, mume asifanye. Wakazaa watoto wanne, kisha mwaka 2016 mke akaenda mahakamani kudai talaka. Tarehe 14 Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ikaamua kuwa sherehe ile haikufunga ndoa kisheria; hata kuitwa ndoa batili haikustahili. Na tofauti hii si ya maneno matupu, kwani katika ndoa batili mahakama yaweza kumgawia mke mali, ama pasipo ndoa hana mlango huo wa kuingilia.

Wako wasemao: Kuandikisha ni kuwafuata wasio Waislamu. Twawajibu: Aya ya 282 ya Suratul Baqara yatuamrisha kuandika deni la muda, na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la shilingi laandikwa, je, amana ya binti ya watu? Na wazee wetu wa pwani hii wamekuwa na sheria ya kuandikisha nikahi na talaka za Waislamu tangu mwaka 1906, wala hawakutoka katika dini. Wahenga wamesema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi njia ni mbili. Atakayeoa Uingereza, na aende kwa msajili wa ndoa wa huko kutoa notisi, angoje siku 28 kamili, afunge ndoa ya sheria, na nikahi ifuatane nayo; na ipo misikiti iliyosajiliwa ambamo yote mawili yaweza kutimizwa pamoja. Atakayeoa Kenya, na aozeshwe na kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa na Msajili, kama isemavyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, kisha achukue cheti. Ndoa iliyo sahihi kwa sheria ya mahali ilipofungwa, kwa kawaida Uingereza huikubali.

Cheti hicho kina kazi huku kwetu pia. Katiba ya mwaka 2010 yasema uraia haupotei kwa kuoa wala kwa kuachana, na Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Nayo yampa mgeni aliyeishi katika ndoa na Mkenya miaka 7 haki ya kuomba uraia. Ataithibitishaje miaka hiyo asiye na cheti?

Liko jambo zito kuliko hilo. Mtu mwenye maskani ya kudumu Uingereza, na mke aliyeandikishwa huko, huja kwetu likizoni akaposa mke wa pili. Dini yetu imeruhusu kwa sharti ya uadilifu, na sheria ya Kenya yaitambua ndoa hiyo. Lakini sheria ya Uingereza haimhesabu yule wa pili kuwa mke, wala haimpi ruhusa ya kuingia kwa jina hilo. Pasipoti ya Kenya iliyo mfukoni mwa mume haigeuzi neno. Bwana huyu akimficha walii habari hii, amemdanganya. Na Mtume wetu ametukataza kudhuru na kudhuriana.

Kwa hiyo, enyi mawalii, msione haya. Kabla ya kupokea mahari, muulizeni mposaji mambo matatu: Maskani yako ni wapi? Una mke aliyeandikishwa? Nikahi hii itaandikishwa wapi, na lini? Mwenye nia njema atajibu. Akisema, "Tutaandikisha baadaye," mwambieni nanyi mtaozesha baadaye.

Uraia wa nchi mbili ni wajibu mara mbili. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutimiza ahadi zetu. Amin.