Kitalu Kabla ya Masika

Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka baada ya mtihani wa Novemba, na bustani ya mboga ya bweni letu itabaki mikononi mwa wadogo zetu wa Kidato cha Pili na cha Tatu. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike jinsi kazi inavyofanyika kabla ya masika. Kazi ya baada ya mvua kila mtu aijua. Ile ya kabla ya mvua ndiyo wengi huikimbia, na ndiyo iletayo mboga mezani.

Kila Januari wageni wa Kidato cha Kwanza hutuona juani na majembe, nao huuliza: "Kaka, mbona mwalima sasa, na mvua ingali mbali?" Jibu lake ni hesabu. Huku kwetu katika Milima ya Usambara vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, kisha huja miezi miwili ya ukavu, halafu masika huanza Machi. Mnamo tarehe 20 au 21 Machi jua la utosi huvuka Ikweta kuelekea kaskazini, na ukanda wa mvua hulifuata. Mche wa kabichi wataka majuma manne au matano kitaluni kabla ya kuatikwa. Pilipili hoho na vitunguu hutaka sita hadi nane. Sasa mtu anayengoja tone la kwanza ndipo asie mbegu, ataatika mwishoni mwa Aprili, wakati mvua imekwisha kula nusu ya siku zake.

Basi sisi huhesabu kinyumenyume. Tuseme twataka kuatika tarehe 20 Machi. Majuma matano nyuma ni tarehe 13 Februari, na majuma manne ni tarehe 20 Februari. Hapo katikati ndipo kabichi na sukuma wiki husiwa. Pilipili hoho husiwa kati ya tarehe 23 Januari na tarehe 6 Februari. Kitalu chenyewe chapasa kuwa kimelimwa majuma mawili kabla ya mbegu. Na mboji ya kutia kitaluni huchukua miezi miwili au mitatu kuoza, au zaidi kukiwa na baridi, maana yake lundo lake lapaswa kuwekwa Novemba. Hivyo bustani ya Machi huanza kabla hatujafunga shule mwaka wa nyuma.

Katika maktaba yetu kimo kitabu kimoja cha bustani kilichoandikwa Uingereza. Humo mkulima aambiwa asie nyanya ndani ya nyumba, karibu na dirisha, kati ya Februari na Aprili, asizitoe nje mpaka mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Wenzangu wengine walikicheka. Lakini yule naye ahesabu kinyumenyume kama sisi, ila yeye angoja sakamu ya mwisho ipite na sisi twangoja maji. Anayekichukua kitabu kile na kufuata tarehe zake huku Usambara atapotea. Anayechukua njia yake ya kuhesabu atafaidika.

Nije sasa kwenye jambo lililoleta maneno mengi bwenini mwaka huu, yaani maji. Februari tangi la shule huwa chini, na kila mmoja apata ndoo yake kwa kipimo. Katika mkutano wa bweni ilisemwa kwamba kumwagilia mimea wakati watu hawana maji ya kufulia ni anasa, na wako waliotaka kitalu kifutwe. Sikubaliani nao, na sababu zangu ni za hesabu tupu.

Shamba letu dogo la kabichi ni mita 6 kwa mita 5. Tukipanda kwa nafasi ya sentimita 50 kila upande, lachukua miche 120. Tukiongeza 30 ya kuzibia mapengo, twahitaji miche 150. Miche hiyo yote, ingali midogo, yakaa katika kitalu cha mita moja kwa mita moja. Kitalu cha ukubwa huo hutumia lita 5 hivi za maji kwa siku, yaani nusu ya ndoo ya lita 10. Mtu akisema tusie moja kwa moja shambani ili tuepuke usumbufu wa kitalu, itambidi alowanishe mita za mraba 30, nazo kwa kipimo hicho hicho ni lita 150, ndoo kumi na tano kila siku. Kwa siku thelathini kitalu chanywa lita 150, na shamba zima lingekunywa lita 4,500. Hapo mwenye kuona uchungu wa maji ndiye angepaswa kukitetea kitalu! Nusu ndoo kwa bweni zima ni kitu gani, ikiwa mnamo Juni ugali na maharage vitapata mboga ya majani pembeni?

Kuhusu mbegu nitasema kwa urefu, kwa kuwa hapo ndipo nyumba yetu iliumia. Kwetu ni milimani, na kabichi ndizo zinazonunua sare, viatu na madaftari. Magari huja kuzichukua, huteremka kwa njia ya Soni hadi Mombo, na kutoka hapo huenda Tanga au Dar es Salaam. Mwaka juzi mama alinunua mbegu katika duka moja. Zilikuwa zimepimwa kwa kijiko kutoka kopo lililokwisha funguliwa, zikafungwa katika kipande cha gazeti. Alisia, akangoja majuma mawili, zikaota chache za kuhesabika kwa vidole. Ilimbidi anunue nyingine na kuanza upya. Kabichi zake zikakomaa wakati soko limejaa, bei ikaanguka, na Julai dada yangu mdogo akarudi shuleni na sare ya mwaka uliopita, marinda yakiwa juu ya magoti.

Jaribio ambalo lingemwonya ni jepesi, nasi tulifundishwa na mwalimu wetu wa kilimo. Hesabu mbegu 100. Zitandaze juu ya kitambaa kilicholowana, kikunje, kitie katika sahani iliyofunikwa, kisha kiweke mahali penye joto kiasi. Kitambaa kisikauke wala kisielee majini. Kabichi huota kwa siku nne hadi saba, nyanya tano hadi kumi, pilipili hoho huchelewa hata wiki mbili. Hesabu zilizotoa mzizi. Zikiwa 75, basi ili upate miche 150 sia mbegu 200, na uongeze kidogo kwa zitakazokufa njiani. Zikiwa 20, rudisha dukani ungali na siku mkononi. Vilevile nunua mbegu zilizofungwa na kiwanda, zenye tarehe, na zenye lebo ya Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu ambayo makao yake yako Morogoro. Jaribio lifanywe hata hivyo. Lebo haijui pakiti ilikaa juani dirishani kwa miezi mingapi.

Mahali pa kitalu pawe karibu na maji, pasiwe bondeni panapotuama, na pasiwe palipokuwa na mimea ya jamaa moja msimu uliopita. Nyanya, biringanya, pilipili, viazi mviringo na tumbaku ni ndugu, na magonjwa yao hurithiana udongoni. Upana usizidi mita moja, ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga. Urefu ni upendavyo. Udongo ulimwe, mabonge yavunjwe, mizizi ya magugu iokotwe yote, kisha tuta liinuliwe sentimita 15 au 20. Changanya debe moja la mboji au samadi kwa kila mita ya mraba. Samadi iwe imeoza kabisa, nyeusi na isiyonuka. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta magugu mengi. Wengine huchoma takataka juu ya tuta ili kuua wadudu na ukungu. Hufaa kidogo, lakini huteketeza mboji iliyo juu pamoja na viumbe vyenye manufaa. Nyumbani twapendelea kulowanisha tuta na kulifunika kwa nailoni nyeupe ionyeshayo kwa majuma manne hadi sita, jua lifanye kazi. Shuleni muda huo hatunao kwa sababu ya likizo.

Chora mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, kina chake kisizidi sentimita moja. Kosa la wengi ni kufukia mbegu ndogo kana kwamba ni mahindi. Acha nafasi kama ya upana wa vidole viwili kati ya mbegu na mbegu, funika kwa udongo laini, tandaza nyasi kavu, mwagilia kwa mkebe uliotobolewa matundu madogo. Siku ya kwanza ukiona vichwa vya kijani, ondoa nyasi zote jioni ile ile, la sivyo miche itarefuka kama uzi mweupe ikitafuta mwanga. Kisha inua kichanja cha kivuli chepesi, cha migomba au nyasi, kiasi cha mita moja juu ya tuta.

Sasa huja adui wawili ambao wanafunzi huwachanganya. Wa kwanza ni kinyausi. Asubuhi wakuta miche imelala, na shina pale linapogusa udongo limesinyaa na kuwa jembamba, kama lililofungwa uzi. Huo ni ukungu wa udongoni. Hupenda miche iliyosongamana, kivuli kizito na maji mengi. Ng'oa iliyougua pamoja na udongo wake, punguza msongamano, punguza kivuli, na mwagilia asubuhi tu ili uso wa tuta uwe mkavu ifikapo usiku. Aliyeogopa na kuongeza maji, akidhani miche ina kiu, ameulisha ugonjwa. Wa pili ni sota. Yeye hukata shina kwa meno, na mche hulala ukiwa umekatika kabisa. Fukua kidogo karibu na shina, sentimita mbili au tatu, utamkuta amejikunja kama pete, mnene, rangi ya udongo. Aokotwe kwa mkono asubuhi mapema. Zungusha majivu kwenye mashina pia.

Juma la mwisho ni la kuizoesha miche taabu. Kivuli hupunguzwa kidogo kidogo hadi kiondoke, na maji hupunguzwa, lakini miche isinyauke. Uso wake hugeuka wa kijani iliyokolea na shina hukakamaa. Miche iliyodekezwa hadi siku ya mwisho huanguka juani siku moja tu baada ya kuatikwa.

Mvua nayo yaweza kudanganya. Hunyesha siku mbili, watu hukimbilia mashambani, kisha hufuata jua la siku kumi. Kila mwaka kabla ya masika Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu, na kiranja wa bustani ausikilize redioni. Hata hivyo sisi husia mara mbili, zikiachana siku kumi. Masika yakiwahi, kundi la kwanza liko tayari. Yakichelewa na kundi la kwanza likazeeka kitaluni, la pili lipo. Gharama yake ni mbegu chache na maji ya kikombe.

Nyanya sishauri ziwe nyingi wakati huo. Mvua kubwa na ukungu wa milimani huziletea baka la majani, na matunda huoza yangali mabichi. Zisiwe zaidi ya mstari mmoja, zifungwe kwenye miti ili majani yasiguse chini, na nyingine zisiwe mwishoni mwa masika. Karoti, maharage na bamia hazihusiani na kitalu kabisa. Karoti iliyohamishwa hutoa mizizi yenye vidole kama mkono.

Siku ya kuatika mwagilia kitalu saa moja kabla, ng'oa mche na udongo wake, na ufanye kazi jioni au siku ya mawingu. Shimo liwe na kina cha kuutosha mzizi ulionyooka. Mzizi uliokunjwa juu hautasameheki, mche wake utadumaa mpaka mavuno. Mche ukae kina kile kile ulichokuwa nacho, bonyeza udongo kwa vidole, mwagilia papo hapo.

Lundo la mboji la mwaka ujao tumekwisha kulianza nyuma ya jiko, la majani makavu, maganda ya ndizi na samadi ya ng'ombe. Ligeuzwe mara moja kabla ya kufunga shule, na lifunikwe kwa majani ya migomba. Mbegu zilizobaki, za kabichi na za pilipili hoho, zimo katika chupa ya kioo yenye kifuniko, pamoja na majivu makavu yaliyofungwa katika kitambaa ili yanyonye unyevu. Ziko kabatini kwa mwalimu wa kilimo. Mpokezi wetu achukue mia moja kwanza, azijaribu katika kitambaa juma la kwanza la Januari, naye aandike idadi yake ubavuni mwa chupa.