Mvua ya Dodoma na Mbuzi wa Kisiwani: Somo juu ya Virusi



Chama chetu ni cha wakulima wa karafuu, na huenda mwenzetu akauliza: maradhi ya mifugo ya Dodoma, huko bara mbali na bahari, yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa wengi wetu tuna ng'ombe mmoja au mbuzi wawili watatu wafungwao chini ya mikarafuu. Na kwa kuwa maradhi tutakayoyaeleza yamekwisha kuvuka bahari na kufika visiwa mfano wa hivi vyetu. Jina lake ni homa ya Bonde la Ufa. Kwa maradhi hayo tutajifunza kirusi ni nini, hubadilikaje, na kwa nini jambo hilo limhusu mtu anunuaye mbuzi.

YALIYOTOKEA DODOMA

Nchi ya Dodoma ni kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Disemba hata Aprili, na miezi iliyobaki ni jua tupu. Wako mbu watagao mayai katika udongo wa mabonde yanayotuama maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu miaka mingi bila kufa. Baadhi yake huwa yamerithi kirusi kutoka kwa mbu aliyeyataga. Mvua ikiwa ya kawaida, hapana neno kubwa. Mvua ikizidi, maji yakasimama siku nyingi, mayai huanguliwa kwa wingi, na mbu hao huwauma ng'ombe, kondoo na mbuzi. Kisha mbu wa namna nyingine hunyonya damu ya wanyama hao na kuyaeneza maradhi mbele.

Ndivyo ilivyokuwa mvua kubwa ziliponyesha mwishoni mwa mwaka 2006. Maradhi yalionekana Kenya mwezi wa Disemba, na Tanzania mwezi wa Januari 2007. Yalipokoma katikati ya mwaka yalikuwa yamefika mikoa 10, watu zaidi ya 100 wamekufa, na Dodoma ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopigwa zaidi.

Tujaalie mtu wa Nkuhungu, kata mojawapo ya Dodoma, aliyekuwa na zizi la mbuzi mwaka ule. Mbuzi wake wenye mimba wanatupa mimba mmoja baada ya mwingine, na wana wachanga wanakufa. Hiyo ndiyo dalili kubwa ya maradhi haya. Mtu huyo anaviondoa vilivyotupwa kwa mikono mitupu. Kesho yake aona mbuzi mwingine amelegea, naye kwa kuogopa hasara amchinja kabla hajafa. Huenda hakuumwa na mbu hata mmoja, lakini damu imekwisha kumgusa mikononi. Watu wengi huyapata maradhi kwa njia hiyo: wachinjaji, wachungaji, na hata mabwana mifugo.

Wengi wao huugua homa ya siku chache, mfano wa malaria, kisha hupona. Wachache hudhurika macho au ubongo, na wachache wengine hutokwa na damu, na hao ndio wafao zaidi. Haijaonekana maradhi haya yakitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Basi mgonjwa asikimbiwe. Linalopasa kuogopwa ni damu ya mnyama.

KIRUSI NI KITU GANI

Kirusi ni kidogo mno, wala hakionekani kwa hadubini ya kawaida. Hakili, hakipumui, wala hakiwezi kuzaa peke yake. Ni maandishi ya urithi, yaani jeni, yaliyofungwa katika ganda. Kikiingia ndani ya chembe hai ya mwili, huilazimisha chembe hiyo iache kazi yake na kunakili maandishi ya kirusi, mara maelfu. Chembe huharibika, na virusi vipya hutoka kwenda kuingia nyingine. Huko kuharibika kwa chembe za ini na za mishipa ya damu ndiko kuumwa kwenyewe.

Bakteria ni kitu kingine. Bakteria wana uhai wao wenyewe, na dawa za kuua bakteria haziui virusi. Kwa hiyo anayemdunga mbuzi mwenye homa hii dawa ya bakteria apoteza fedha yake. Tena huwazoesha bakteria dawa hiyo, nao hupeana wao kwa wao jeni za kuistahimili.

JINSI KINAVYOBADILIKA

Kirusi hubadilika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni makosa ya kunakili. Mfikirieni karani anayenakili daftari la mizani usiku kucha, bila mtu wa kumkagua. Hapana budi atakosea tarakimu. Virusi vya namna hii hunakiliwa hivyo hivyo. Makosa mengi hukidhuru kirusi chenyewe, nacho hufa. Mara chache kosa humfaa: pengine humwezesha kukaa vizuri zaidi ndani ya mbu au ndani ya mnyama. Asidhani mtu kwamba kirusi hukusudia. Ni kama miche kitaluni: kiangazi kikali kikija, ile dhaifu hufa, iliyo imara hubaki, na hatimaye shamba huwa la mbegu ya ile iliyobaki.

Njia ya pili ni kubadilishana. Urithi wa kirusi cha homa ya Bonde la Ufa haukuandikwa katika ukurasa mmoja, bali umegawika vipande vitatu, na kirusi kizima ni lazima awe navyo vyote. Sasa fikirini majahazi mawili yaliyoshusha shehena katika ghala moja, kila moja magunia matatu: la karafuu, la mbata na la chumvi. Asubuhi wapagazi wanapakia upya kwa haraka. Kila jahazi laondoka na magunia matatu kamili, lakini karafuu ni za huyu na chumvi ni ya yule. Virusi viwili vya jamaa moja vikiingia katika chembe moja ya mnyama au ya mbu, hutokea mambo kama hayo. Wataalamu wamekwisha kuona virusi vya homa ya Bonde la Ufa vilivyochanganya vipande kwa njia hii.

Madhara yake yalionekana karibu na kwetu. Katika mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998, watu wa Garissa nchini Kenya na wa Somalia waliugua homa ya kutokwa na damu. Wengine walikuwa na homa ya Bonde la Ufa. Lakini katika damu ya baadhi yao kilikutwa kirusi kingine, kiitwacho Ngari, nacho cha vipande vitatu. Viwili vilitoka kwa kirusi cha Bunyamwera, kilichopewa jina la mahali huko Uganda, ambacho kwa kawaida huleta homa nyepesi. Cha tatu kilitoka kwa kirusi kiitwacho Batai. Wazazi wawili wasiojulikana kwa ukali wakamzaa mtoto mkali.

KUVUKA BAHARI

Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa karibu na ziwa Naivasha, Kenya. Mwaka 1977 ilifika Misri. Mwaka 2000 ilitokea Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza kuonekana nje ya Afrika. Na mwaka 2007 na 2008 ilionekana katika visiwa vya Komoro na Mayotte, na kirusi kilichopatikana Mayotte kilikuwa ndugu wa karibu wa kile cha Kenya cha 2006 na 2007. Bahari haikukizuia, kwa kuwa mnyama hupakiwa chomboni, na kirusi husafiri ndani ya damu yake.

YATUPASAYO

1. Usinunue mnyama aliyeshushwa bandari bubu. Nunua aliyekaguliwa, mwenye cheti cha bwana mifugo.

2. Mnyama akitupa mimba, usishike kwa mikono mitupu wala usiwape mbwa. Fukia chini sana, na mwite bwana mifugo siku ile ile.

3. Usimchinje mnyama mgonjwa ili kuokoa nyama. Thamani ya mbuzi mmoja hailingani na roho ya mtu.

4. Chemsha maziwa, na nyama ipikwe ikaiva.

5. Chanjo ya mifugo ipo, na hutolewa kabla ya mvua, si baada ya maradhi kuingia zizini. Sindano ikitumiwa kwa wanyama wengi hubeba damu ya huyu kwa yule. Tena chanjo nyingi ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Kikikutana na kirusi kikali ndani ya mnyama mmoja, vipande vyaweza kuchanganyika, kama magunia yale ya ghalani. Mweleze bwana mifugo ikiwa mnyama ana mimba.

6. Ukishikwa na homa baada ya kuchinja au kuzalisha mnyama, mwambie daktari jambo hilo bila kuulizwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MATAWI

Kwa nini maradhi haya hutokea baada ya mvua kubwa? Kirusi hubadilika kwa njia gani mbili? Na katika tawi lenu, mbuzi waliokuja mwaka huu walishukia bandari gani, na nani aliwakagua?