Mota ya Gari la Rimoti Inachemka: Tutibu Dalili au Chanzo?

Mwenye gari la rimoti analijua swali hili: mbona mota inachemka baada ya dakika chache tu? Wengi hukimbilia kufunga feni. Si vibaya. Lakini katika falsafa tunafundishwa kutofautisha dalili na chanzo. Joto ni dalili. Ukiishia kwenye feni, chanzo kinabaki palepale, na siku moja mota itaungua huku feni inazunguka. Hela uliyodunduliza ndiyo imekwenda hivyo!

Joto linatoka wapi?

Umeme ukipita kwenye waya wa shaba ndani ya mota, waya unaupinga, na hapo joto linazaliwa. Mwanafizikia Mwingereza James Prescott Joule alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba mkondo wa umeme ukiongezeka mara 2, joto linakuwa mara 4. Ukiongezeka mara 3, linakuwa mara 9.

Sasa jiulize: mota inavuta mkondo mkubwa wakati gani? Utasema, ikizunguka kasi. Hapana. Ni pale inapolemewa: gari linapoanza kuondoka, linapokwama mchangani, linaposukuma majani marefu. Mota inayozunguka kwa wepesi huzalisha umeme wa kinyume unaozuia mkondo wa betri. Ikilemewa, kinga hiyo inapungua.

Basi tufanye nini?

1. *Gia.* Ile gia ndogo ya kwenye mota ikiwa na meno mengi, gari lina mbio lakini mota inabeba mzigo mzito. Weka yenye jino 1 au 2 pungufu, kisha upime tena.

2. *Msuguano.* Chomoa betri, nyanyua gari, zungusha matairi kwa mkono. Yanakwama? Angalia beringi zilizoingia mchanga, nyuzi zilizojisokota, au gia zilizobanana mno. Gia hupangwa hivi: weka ukanda wa karatasi katikati yake, zisogeze zigusane, kaza skrubu, toa karatasi.

3. *Betri.* Usiruke kutoka volti 7.4 hadi 11.1 kabla ya kuhakikisha mota na kidhibiti mwendo vinakubali.

4. *Pumziko.* Betri ikiisha, usichomeke nyingine papo hapo. Iache mota ipoe kwanza, hata dakika 15.

5. *Feni na mapezi ya alumini.* Hapa sasa ndipo pake, kusaidia kazi iliyokwisha kufanyika.

Kwa nini tusipuuze?

Simamisha gari baada ya dakika 3 za mwanzo, pima mota kwa kipimajoto kisichogusa. Ikikaribia nyuzi 80 za Selsiasi, acha. Sumaku za mota nyingi zikizidishiwa joto hupoteza nguvu, na nguvu hiyo hairudi hata mota ikipoa. Sumaku dhaifu huifanya mota ivute mkondo zaidi, na mkondo huo huleta joto zaidi. Ukiingia kwenye mzunguko huo, kutoka ni kununua mota mpya.

Zoezi la wiki hii: kabla hujanunua feni, zungusha matairi kwa mkono na uhesabu meno ya gia. Kisha jibu kwa ukweli: gari lako lina joto tu, au limelemewa?