Haki za Mtu: Ahadi ya Mwaka 1789

Hapo zamani, katika nchi nyingi za Ulaya, ilisadikiwa kwamba mfalme amepewa enzi yake na Mungu, wala hakuna raia awezaye kumwuliza neno. Huko Ufaransa makabaila na makasisi walisamehewa kodi nyingi, na mzigo ukawaelemea wakulima, mafundi na wafanya biashara.

Lakini walitokea wenye maarifa walioyapinga mambo hayo. Mwingereza John Locke, aliyefariki mwaka 1704, alifundisha kwamba kila mtu ana haki ya uhai, uhuru na mali, na kwamba serikali imewekwa ili izilinde haki hizo. Mfaransa Montesquieu, katika kitabu alichokitoa mwaka 1748, alionya kwamba kazi ya kutunga sheria, ya kutawala na ya kuhukumu zisiwe mikononi mwa mtu mmoja. Maana azishikaye zote tatu, akidhulumu, hapana wa kumzuia. Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau naye aliandika kwamba enzi ya nchi ni ya raia wenyewe.

Mwaka 1789 mawazo hayo yalitoka vitabuni yakaingia katika sheria. Julai 14 watu wa Paris waliiteka ngome ya Bastille, na Agosti 26 Baraza la Taifa likakubali Azimio la Haki za Mtu na Raia. Azimio hilo lilitangaza kwamba watu huzaliwa huru, nao ni sawa katika haki. Na kwamba mtu asikamatwe ila kwa kufuata sheria.

Je, hao "watu" ni akina nani? Ng'ambo ya bahari, katika koloni ya Saint-Domingue, ambayo baadaye iliitwa Haiti, walikuwako watumwa wapatao 500,000, wengi wao wazaliwa wa Afrika, wakilimishwa miwa na kahawa. Wenye mashamba walikuwa na wajumbe wao katika Baraza huko Paris. Watumwa hawakuwa na mjumbe hata mmoja, na Azimio halikuwafungua.

Agosti 1791 watumwa hao waliinuka kwa silaha. Baada ya vita vikali, Februari 4, 1794, bunge la Ufaransa lilifuta utumwa katika koloni zake zote. Hata hivyo, Napoleon Bonaparte alipeleka jeshi Saint-Domingue, na mwaka 1802 akaurudisha utumwa kwa sheria. Jemadari Toussaint Louverture, aliyezaliwa mtumwa, alikamatwa kisha akafa gerezani Ufaransa mwaka 1803. Wenzake hawakulegea, walilishinda jeshi lile, na Januari 1, 1804, wakatangaza nchi huru ya Haiti. Katika koloni nyingine za Ufaransa utumwa ulidumu hadi mwaka 1848.

Wanawake nao waliachwa nje. Mwaka 1791 Olympe de Gouges aliliandika upya Azimio akidai haki za wanawake; mwaka 1793 alikatwa kichwa kwa ajili ya maandishi yake ya siasa. Wanawake wa Ufaransa walipewa haki ya kupiga kura mwaka 1944.

Wahenga walisema, ahadi ni deni. Walioandika Azimio hawakukusudia kuwalipa wote. Lakini neno "watu" lilipokwisha kuandikwa, kila aliyenyimwa haki aliweza kuuliza kama yeye si mtu, na jibu halikupatikana ila kulipa.