Mvuke wa Olkaria Utadumu? Kompyuta Hujibu Hivi

Umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa Olkaria, Naivasha, mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15. Visima vimeongezeka sana tangu hapo, na wakazi huuliza kama mvuke huo hautaisha. Swali lina uzito, kwa kuwa kuchimba kisima kimoja, kilomita mbili au tatu kwenda chini, hugharimu mamia ya mamilioni ya shilingi.

Kwa kuwa hakuna awezaye kushuka huko kutazama, wataalamu huunda modeli ya kompyuta. Eneo lote la chini hugawanywa vipande maelfu, mithili ya matofali. Kila tofali hupewa aina ya mwamba wake na kiasi cha maji kinachoweza kupenya. Chini kabisa huwekwa joto. Pembeni huingizwa maji ya mvua yaliyozama kwenye kingo za Bonde la Ufa.

Cha kushangaza, kompyuta haianzi na kesho. Huanzia maelfu ya miaka kabla ya kisima cha kwanza. Maji hupata moto, hupanda kwenye nyufa, mengine huchemka na kufuka juu kama tuonavyo Hell's Gate. Hali ikitulia, joto la modeli hulinganishwa na lililopimwa visimani. Ikiwa modeli inasema nyuzi 200 na kipimo ni 280, matofali hurekebishwa na kazi kuanza upya. Kisha hujaribiwa tena kwa kumbukumbu za presha tangu uzalishaji uanze. Modeli isiyoweza kueleza jana haifai kuulizwa ya kesho.

Hatari si ya kubuni. Huko The Geysers, California, Marekani, mvuke ulivutwa kuliko maji yaliyorudi ardhini, na uzalishaji ukaanza kushuka mwishoni mwa miaka ya 1980. Tangu 1997, maji taka yaliyosafishwa hupelekwa huko kwa mabomba na kumiminwa visimani. Hata kurudisha maji kuna hesabu yake: yakimiminwa karibu mno na visima vya mvuke huvipoza, yakiwa mbali mno hayasaidii presha.

Kwa hivyo, katika vikao vya ushirikishaji wa umma kuhusu miradi ya mvuke, mkazi anaweza kuuliza: modeli ilirekebishwa lini mara ya mwisho, na maji yatarudishwa wapi?