Mama Aliyemkabidhi Mtoto Wake



Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Je, mama aliyemtoa mtoto wake ili alelewe na wengine amepoteza heshima hiyo? Hasha!

Someni Kitabu cha Kutoka, sura ya 2. Farao aliamuru watoto wa kiume wa Waebrania watupwe mtoni. Mama wa Musa alimficha mwanawe miezi 3. Aliposhindwa, alimlaza katika kikapu cha mafunjo, akakiweka katika majani kando ya mto. Binti Farao akamwokota, baadaye akamfanya mwana wake. Mama huyo hakumtupa mtoto, alimwokoa. Wala hakuachwa peke yake: dada yake Musa alisimama kwa mbali akiangalia, kisha akaenda kumwita mama yule amnyonyeshe mtoto.

Nasi huku Kivu vita, umaskini na jeuri wanayotendewa wanawake vimewafikisha wazazi wengine penye shida kama hiyo. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, yasema kwamba mtoto aliyepokewa hivyo ni mwana kweli wa wale waliompokea. Lakini haukatwi undugu wake na jamaa iliyomzaa. Basi, sisi tusiukate kwa ulimi.

Tufanye nini?

1. Tusimwite mama huyo «mtupa mtoto».
2. Tumtembelee, hasa siku za kwanza, maziwa yangali yamejaa kifuani na mikono ni mitupu. Tumtekee maji, tumpikie.
3. Tumwache alie. Tusimwambie: «Utazaa mwingine.» Mtoto mmoja hafuti mwingine.
4. Tusimsahau baba, naye huenda analia moyoni.
5. Akikosa usingizi na chakula siku nyingi, tumsindikize kwa waganga. Mjini Bukavu, Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, huwauguza mwili na moyo wanawake waliotendewa jeuri.

Maulizo

Je, mama aliyemkabidhi mtoto wake angali mama?
Ndiyo, angali mama, na Mungu ayaona machozi yake.

Nani atakuwa kwake kama dada yake Musa?
Kila Mkristo, na kila anayejitayarisha kwa Ubatizo.

Kusudi la juma hili: Nitamtembelea mzazi mmoja mwenye huzuni, wala sitamwuliza habari asizopenda kusema.